Sauti Kabla ya Hitima

Dini yetu tukufu imetufundisha namna ya kumzuru mgonjwa, namna ya kumwombea, na maneno ya kumkumbusha afikapo mwisho wake. Imetufundisha pia namna ya kumwosha maiti, kumkafini, kumsalia na kumzika. Kwa mambo hayo hapana mtaa wa Kiislamu uliokosa mtu ajuaye. Lakini baina ya siku ile daktari asemapo kwamba dawa ya kuponya haipo tena, na saa ile roho itokapo, mna muda ambao nyumba nyingi hazijui ziutumieje. Huenda ukawa miezi mitatu, huenda ukawa siku mbili. Jamaa hujaa chumbani wakazungumza kwa sauti kubwa habari za mirathi na za bei ya sukari. Au hutoka wote, wakamwacha mgonjwa peke yake na mvumo wa feni. Mmoja hulia kwa kelele, mwingine huiacha simu yake ikalia mpaka ikachoka. Mgonjwa amelala katikati yao, macho ameyafumba, na kila mtu adhani kwamba hasikii neno.

Makala haya yahusu sauti katika muda huo. Kwa muda wa miaka hamsini na zaidi imekua katika nchi za Ulaya na Marekani kazi ya watu waingiao vyumbani mwa wagonjwa wasiotarajiwa kupona, wakawaimbia kwa upole au wakawapigia kinubi, si kwa kuwachezesha wala kuwafurahisha kama wafanyavyo watu wa ngoma, bali kwa kuwapunguzia maumivu, hofu na upweke. Tunajua kwamba wako wasomaji wetu watakaosema papo hapo: hayo si yetu. Twawaomba wasiharakishe. Katika kazi hiyo mna mambo tusiyoyahitaji. Mna mengine yafaayo kujifunza. Na mna mengine tuliyokuwa nayo sisi kabla yao, kisha tukayaweka kando.

Tiba ya asiyepona

Kwanza yafaa tujue kazi hiyo ilitoka wapi. Mwaka 1967 Dr. Cicely Saunders, mwanamke wa Kiingereza aliyeanza kwa uuguzi, kisha akafanya kazi ya ustawi wa wagonjwa, na mwishowe akasomea udaktari, alifungua nyumba ya wagonjwa iitwayo St Christopher's Hospice, upande wa kusini wa London. Alikuwa ameona kwamba hospitali nyingi zilimhudumia kwa bidii mgonjwa atakayepona, lakini asiyepona alisukumwa kwenye kitanda cha pembeni. Bibi huyo alifundisha kwamba maumivu ya mtu anayekaribia kufa si ya mwili tu. Yako ya moyo, yako ya kuachana na jamaa, na yako ya roho imwelekeayo Mola wake. Na yote hayo hutiana nguvu. Kwa hiyo alitaka mgonjwa apewe dawa ya kutuliza kwa saa zake, kabla maumivu hayajarudi, na pia apewe mtu wa kukaa naye.

Mwaka 1975 Dr. Balfour Mount, daktari wa upasuaji wa Kanada, alifungua wodi ya namna hiyo katika Royal Victoria Hospital mjini Montreal. Yeye ndiye aliyeipa huduma hiyo jina lake la Kiingereza, nasi leo kwa Kiswahili twaiita tiba shufaa. Katika wodi hiyo alifanya kazi Bibi Susan Munro, ambaye ujuzi wake ulikuwa kutibu kwa muziki. Mwaka 1978 yeye na Dr. Mount waliandika katika jarida la madaktari wa Kanada wakieleza jinsi nyimbo zinavyoweza kumfungua kinywa mgonjwa aliyenyamaza, zikamrudishia kumbukumbu, na zikampa yeye na jamaa zake njia ya kuyasema yale yaliyowashinda.

Huduma hii haikubaki huko. Nairobi Hospice ilianza mwaka 1990. Mwaka 1993 Dr. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala, na huko mofini ya maji, dawa ya kunywa isiyo ya gharama kubwa, ikawafikia wagonjwa mpaka majumbani mwao. Hata hivyo Shirika la Afya la Dunia lakadiria kwamba katika kila watu 100 wanaohitaji tiba shufaa ulimwenguni, ni kama 14 tu waipatao. Maana yake ni kwamba wengi hufia mikononi mwa mke, mwana, dada au jirani, na hao hawakufundishwa na mtu. Kwa hiyo jambo hili si la hospitali peke yake. Ni letu sote.

Mzee wa Denver

Katika miaka ya mwanzo ya 1970, katika mji wa Denver nchini Marekani, msichana mmoja aitwaye Therese Schroeder-Sheker alikuwa akifanya kazi ya utumishi katika nyumba ya wazee. Mwenyewe amesimulia mara nyingi kisa kilichomwelekeza kwenye kazi yake. Alikuwako mzee mmoja mwenye ugonjwa wa mapafu, mkali, asiyependwa na watumishi, wala hakuwa na jamaa wa kumtazama. Siku moja msichana yule aliingia chumbani akamkuta katika sakarati, pumzi zikimtoka kwa shida, naye amejaa hofu. Hakuwa na dawa ya kumpa. Alipanda kitandani, akaketi nyuma yake, akamwegemeza mzee kifuani pake, akaanza kumwimbia kwa sauti ndogo nyimbo za ibada za dini yake ya Kikristo, huku akimpepesa polepole. Mzee yule, aliyezoea kuwasukuma watu, aliegemea. Pumzi zake zikaanza kufuata wimbo. Akafa mikononi mwake, ametulia.

Kutokana na hayo Bibi Schroeder-Sheker aliutumia umri wake kuifanya sauti kuwa huduma ya wanaokufa, na mwaka 1992 alianza kuwafundisha wengine katika St. Patrick Hospital, mjini Missoula, katika jimbo la Montana. Wanafunzi wake hutumia kinubi na sauti. Huketi kando ya kitanda kwa muda kama wa nusu saa au saa nzima. Kabla ya kugusa uzi mmoja, humtazama mgonjwa: kifua chapanda na kushuka mara ngapi? Mapigo ya moyo yakoje? Mikono ina baridi au ina joto? Uso umekunjamana au umelegea? Kisha hupiga kwa kuifuata pumzi ile. Ikiwa ni ya haraka, huanza karibu na haraka hiyo, halafu hupunguza mwendo kidogo kidogo, na mara nyingi pumzi nayo hupungua. Wakimwona mgonjwa amechoka, huacha.

Hapa msomaji ataona kwa nini wanashikilia kwamba mpigaji awepo mwenyewe. Sauti iliyonaswa katika mashine huendelea kama ilivyoanza. Haioni kwamba mgonjwa amekunja uso, wala haijui kwamba amelala. Aliyeketi pale huona, na huifuata hali ya mwenziwe.

Kuna jambo jingine la kuangaliwa. Wanaofuata njia ya Missoula hawapendi kupiga nyimbo ambazo mgonjwa azijua, kwa sababu wimbo unaojulikana humvuta mtu nyuma kwenye maisha yake, nao wataka kumrahisishia kuyaachilia. Wale wa njia ya Bibi Munro hufanya kinyume chake: huuliza ni nyimbo gani mgonjwa alizipenda ujanani, kwa kuwa bado ana maneno ya kusema na watu wa kuagana nao. Wote wana hoja. Mwenye miezi mitatu si sawa na mwenye saa tatu.

Tena wako wasiotumia chombo chochote. Mwaka 2000, huko California, Bibi Kate Munger alianzisha makundi ya watu waimbao kitandani pa wagonjwa bila ya malipo, na leo makundi hayo ni zaidi ya 100. Huenda wawili, watatu au wanne tu, wakaketi karibu, wakaimba kwa sauti ile ile mama anayobembelezea mtoto. Hakuna kinubi wala ngoma. Ni koo za watu na upole wao.

Je, asiyejibu husikia?

Tangu zamani wauguzi wamesema kwamba kusikia ni katika mambo ya mwisho kumwondoka mtu. Mwaka 2020 wataalamu wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walitangaza uchunguzi walioufanya katika nyumba moja ya tiba shufaa mjini Vancouver. Waliwavalisha wagonjwa kofia yenye vipimo vya nguvu za umeme wa ubongo, wakawasikizisha milio iliyobadilika-badilika, mara walipokuwa macho na, kwa wachache wao, mara walipokwisha kuzimia wakingojea saa zao. Ikaonekana kwamba ubongo wa baadhi ya hao waliozimia uliendelea kuitambua milio ile, karibu sawa na ubongo wa vijana wenye afya. Wataalamu hao waliongeza tahadhari: kusikia mlio si hakika ya kufahamu maneno. Hata hivyo mwenye busara atafanya lipi? Kusema mbele ya mgonjwa kama kwamba asikia ni adabu isiyomgharimu mtu kitu. Kusema kama kwamba hasikii huenda ikawa ni dhulma isiyoombwa radhi.

Ama kuhusu maumivu, mwaka 2013 ulitangazwa uchunguzi wa wagonjwa 200 wa tiba shufaa katika hospitali moja ya Cleveland, Marekani. Nusu yao walipata huduma yao ya kawaida. Nusu walipata pia kikao kimoja kifupi cha kutulizwa, pamoja na muziki uliopigwa pale pale. Waliopata kikao hicho walisema maumivu yamepungua zaidi kuliko wenzao. Haya tusiyatie chumvi. Muziki haukuondoa saratani ya mtu yeyote, wala haukushika mahali pa mofini. Ulipunguza mzigo, basi. Na mwenye kubeba mzigo ndiye ajuaye thamani ya ratili moja iliyopunguzwa.

Hospitali ya Edirne

Sasa turudi kwetu. Katika mji wa Edirne, nchini Uturuki, kando ya mto Tunca, yasimama mpaka leo majengo aliyoyajenga Sultani Bayezid wa Pili baina ya mwaka 1484 na 1488: msikiti, chuo cha udaktari, jiko la kulisha maskini, na hospitali. Yote yaliendeshwa kwa wakfu. Ukumbi wa hospitali umefunikwa kwa kuba, katikati yake mna birika la maji yabubujikayo, na vyumba vya wagonjwa vimeuzunguka, hata sauti itokayo ukumbini humfikia kila mmoja. Evliya Çelebi, msafiri mashuhuri wa karne ya 17, aliandika kwamba wakfu wa Sultani uliwalipa watu kumi, watatu waimbaji na waliobaki wapigaji wa nai, fidla, udi na vyombo vinginevyo, ili mara tatu kila wiki wawasikilizishe wagonjwa na waliorukwa na akili. Hospitali ile haikuwa khasa ya wanaokufa. Lakini fikra kwamba sauti ni sehemu ya uuguzi ilijengwa kwa mawe katika nchi ya Kiislamu karibu miaka 500 kabla ya Missoula. Leo jengo hilo ni makumbusho ya afya, na mwaka 2004 lilipewa tuzo ya makumbusho ya Baraza la Ulaya.

Wala hatuna haja ya kwenda Edirne. Pwani yetu yaijua Burda ya Imamu al-Busiri wa Misri, wa karne ya 13. Yasimuliwa kwamba aliitunga alipokuwa amepooza nusu ya mwili, akaamka akiwa mzima. Na tangu hapo watu wamezoea kuwasomea wagonjwa wao. Ni sauti za watu, kando ya kitanda, kwa nia ya kumfariji mwenzao.

Hitilafu za wanavyuoni

Hapana budi tuseme wazi kuhusu vyombo. Wengi wa wanavyuoni wa madhehebu manne wamevikataza vyombo vya nyuzi na vya kupuliza, wakaruhusu dufu katika harusi na sikukuu. Wako waliopinga, kama Ibn Hazm wa Andalusia, aliyefariki mwaka 1064, ambaye aliona hadithi za kukataza si imara. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, naye ni wa madhehebu ya Shafi kama wengi wetu, aliandika katika Ihya kitabu kizima juu ya kusikiliza. Alieleza kwamba sauti nzuri kwa asili yake si haramu: mtoto mchanga hunyamaza kwa sauti nzuri, na ngamia husahau uzito wa mzigo kwa wimbo wa mwongozaji wake. Pamoja na hayo yeye pia alivikataza vyombo vilivyokuwa alama ya walevi.

Makala haya si fatwa, wala hayataki kuamua kati ya wakubwa hao. Mwenye shaka na amwendee mwanachuoni amwaminiye. Lakini ni vizuri kufahamu kwamba hitilafu hiyo ni juu ya uzi na zumari. Sauti ya mwanadamu isomayo Kurani, ileteayo dhikri, au isemayo maneno mema haimo katika ugomvi huo. Mtume (s.a.w.) aliisifu sauti ya Abu Musa al-Ash'ari (r.a.) katika kusoma kwake, akaifananisha na uzuri wa sauti aliopewa Nabii Daudi (a.s.).

Kwa ndugu zetu wakaao Ulaya na Marekani, ambako huenda mpiga kinubi akagonga mlango wa chumba cha mgonjwa wao, jibu ni jepesi. Watu hao wamefundishwa kuomba ruhusa kwanza na kuondoka wakikataliwa. Akatae kwa adabu asiyetaka, asimwone aliyekuja kuwa ni adui. Naye aombe aletewe msomaji wa Kurani. Hospitali nyingi za Uingereza, kwa mfano, zina imamu au Mwislamu mwingine aliyewekwa kwa kazi hiyo. Lisilofaa kabisa ni jamaa wawili kugombana juu ya kinubi mbele ya kitanda, na mwenye haki ya kuamua amelala pale, hajaulizwa.

Kifua cha Bibi Aisha

Atakaye mfano wa juu kuliko yote na autafute Madina. Bibi Aisha (r.a.) amepokewa katika hadithi sahihi akieleza kwamba Mtume (s.a.w.) alipokuwa mgonjwa alizoea kujisomea sura za kujikinga na kujipangusa kwa mkono wake. Ugonjwa ulipomzidi, Bibi Aisha ndiye aliyemsomea, akaushika mkono wa Mtume mwenyewe akampangusa nao kwa kutaraji baraka yake. Na alipofariki alikuwa ameegemea kifuani pa mkewe huyo.

Tuyafikiri hayo. Bora wa viumbe, katika udhaifu wake wa mwisho, alisomewa na mtu wa nyumbani kwake, kwa sauti aliyoizoea, akiwa ameegemezwa. Hapakuwa na kundi la watu, wala hapakuwa na kipaza sauti. Yule msichana wa Denver hakuijua habari hii alipopanda kitandani kwa mzee aliyekosa jamaa. Nasi tunaoijua, tunawaachia wagonjwa wetu sauti ya feni.

Yafanyike nini nyumbani?

Kwanza, dawa ya maumivu isicheleweshwe. Mwenye maumivu makali hana nafasi ya kusikiliza wimbo wala kisomo. Na aulizwe daktari au muuguzi wa tiba shufaa kuhusu mofini, wala asidhani mtu kwamba kuteseka bila ya dawa ni ukamilifu wa imani.

Pili, mgonjwa aulizwe mapema, angali na akili yake na ulimi wake. Apenda kusomewa sura ipi? Apenda kaswida ipi? Apenda sauti ya nani? Huenda asimtaje sheikh mkubwa wa mtaa, akamtaja mjukuu wake wa miaka kumi na miwili. Mpeni amtakaye. Na akisema apenda kimya, basi kimya ndicho kisomo chake.

Tatu, msomaji awe mmoja, au wawili. Aketi karibu, asisimame juu ya mgonjwa. Ajitambulishe hata kama macho ya mgonjwa yamefumba: "Bibi, ni mimi Salma, nimekuja kukusomea." Kisha aitazame pumzi, asome kwa sauti ya chini, polepole, wala asitake kuonyesha ufundi wa koo lake.

Nne, autazame uso. Ukikunjamana, au mkono ukapapatika, anyamaze. Dakika kumi za upole zatosha kuliko saa nzima ya kumchosha. Na amalizapo asiinuke mara moja. Kimya kinachofuata kisomo kina kazi yake.

Tano, redio na simu ni msaada pale asipopatikana msomaji, lakini ziwekwe kwa sauti ndogo, nazo zizimwe mgonjwa anapolala. Kuwasha Kurani usiku kucha katika chumba kisicho na mtu si kumsomea mgonjwa. Ni kumwachia mashine.

Sita, ifikapo saa ya talkini, yaani kumkumbusha shahada kama alivyoamrisha Mtume (s.a.w.), isemwe mbele yake kwa ulaini. Wanavyuoni wameeleza kwamba akisha kuitamka asirudiliwe, ila akisema neno jingine baada yake. Wala asishikiliwe kwa kelele, asije akachukia. Fikiri, ewe msomaji, jinsi wakubwa wetu walivyomchungia mtu huyo hata asichoshwe na neno lililo bora kuliko yote! Je, watachoshwaje wagonjwa wetu kwa maneno ya mirathi?

Neno kwa vijana

Tuna jambo moja la kuwaambia vijana wetu wa kike na wa kiume. Katika kila mji wa Waislamu wako vijana waliohifadhi juzuu, wajuao tajwidi, wenye sauti za kupendeza. Mtu akifa, huitwa hitimani: huja kumi, ishirini, wakasoma vizuri, wakala, wakaenda zao. Ni jambo la kheri, wala hatulivunji. Lakini marehemu yule alikaa miezi miwili kitandani, na katika miezi hiyo hakuna hata mmoja aliyegonga mlango wake akamsomea ukurasa. Twamletea wasomaji ishirini siku asiyoweza tena kumwambia mtu ahsante. Siku alipoweza, hatukumletea hata mmoja.

Kuligeuza hilo hakuhitaji jengo la Sultani. Yatosha chuo kimoja kiwachague vijana watatu au wanne wenye upole, na waalimu wawafunze namna ya kuketi, kupunguza sauti na kunyamaza. Waende kwa ruhusa ya mgonjwa na jamaa zake, wanawake kwa wanawake na wanaume kwa wanaume, na penye wauguzi wa tiba shufaa wafuatane nao. Wasipokee malipo. Wasiende kumhubiria mtu wala kumtisha kwa adhabu ya kaburi; waende kumtuliza. Na kijana aliyeketi mara moja karibu na mtu anayeondoka duniani, akaiona pumzi yake ikitulia kwa kisomo chake, atakuwa amepata somo lisilopatikana kwa vitabu.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kusema mema tunapokuwa mbele ya mgonjwa au maiti, kwani malaika huitikia amin kwa hayo tuyasemayo. Basi kila chumba cha mgonjwa kina wasikilizaji zaidi ya wale tuwaonao. Na kila mmoja wetu, akiwa tajiri au fukara, itamjia siku atakapolala macho yamefumba na masikio bado yako wazi.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, awape subira wanaouguza, na atujaalie sisi na wazee wetu mwisho mwema. Amin.